Siku Nilipomwogesha Mchungaji Dawa ya Kupe

Vijana wangu, kwanza niwatoe hofu: mchungaji hakufa. Nasema mapema kwa sababu kila ninapoanza habari hii kuna mtu hushika kichwa na kuuliza, "Ikawaje, alikufa?" Hakufa. Aliishi nasi miaka sita mingine, akahamishiwa kwao Newala, na nasikia hadi leo akisimulia habari za Usukumani huanzia kwenye josho letu la kuogeshea ng'ombe. Lakini ni kweli kwamba asubuhi ile, mbele ya kijiji kizima, alizama kwenye dawa ya kupe akiwa na kanzu nyeupe, miwani na kitabu cha nyimbo. Na ni kweli kwamba aliyesababisha ni mimi.

Mmenitaka niwaeleze nilivyofuga ng'ombe huku nikilitumikia kanisa. Watu hudhani hizo ni kazi mbili. Kwangu ilikuwa moja tu, na makosa niliyoyafanya zizini ndiyo hayo hayo niliyoyafanya kanisani. Tofauti ni kwamba ng'ombe hawakunisengenya.

Mimi ni Nkwabi. Wengi mnaniita Baba Kulwa, na wengine mkinisalimia mnapita upesi kwa sababu mnajua nikianza sikomi. Leo mmekuja wenyewe na viti vyenu, msilalamike.

Miaka ya tisini, kijiji chetu cha Mwanhale kilikuwa mahali pa kupita tu. Aliyetoka Kahama kwenda Geita alisimama kwetu kunywa maji na kuuliza kama kuna habari za dhahabu. Wanaume wenye nguvu walikimbilia machimbo, na sisi tuliobaki tuliwauzia nyama. Nilikuwa na ng'ombe kama sitini, na kila baada ya wiki chache niliswaga wanne au watano hadi kwenye kambi za wachimbaji. Ilikuwa biashara nzuri. Mchimbaji aliyepata alikula nyama, na aliyekosa alikula nyama ili asionekane kakosa.

Jumapili nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikaa benchi la mbele, nikageuka nyuma kila mtoto alipolia, na nikajiona mtu mkubwa.

Kufuga nilifundishwa na Mzee Lusinge. Huyu alikuwa mwogeshaji wa josho tangu enzi zile dawa ilipokuwa inakuja yenyewe kwa lori. Alikuwa mfupi, mwenye miguu iliyopinda kidogo, na mikono yake ilinuka dawa hata alipokuwa amestaafu. Mimi nilikuwa na tabia ya kusimama mlangoni mwa zizi, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nikihesabu pembe. Siku moja akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Nkwabi," akasema, "umewahi kuona pembe inaugua?"

"Hapana, mzee."

"Basi ingia ndani."

Nikaingia na viatu vyangu vya kanisani. Akanishika mkono, akaviweka vidole vyangu chini ya sikio la ng'ombe. "Hapa pana tezi. Ikiwa ndogo kama punje ya mahindi, nenda kanywe chai. Ikivimba kama ndimu, homa ya ndigana imeshaingia, chai hainyweki tena." Kisha akanifundisha kusikiliza pumzi. Ng'ombe mzima hupumua bila wewe kujua. Mwenye ndigana hupumua mpaka na wewe kifua kinabana. Na msitafute kupe mgongoni, vijana. Kupe mbaya hukaa ndani ya sikio na chini ya mkia, mahali ambapo mtu mwenye shati safi hapendi kuchungulia. Tangu siku ile nikimwona mfugaji mwenye shati safi ndani ya zizi, najua ng'ombe wake wana matatizo.

Sasa, josho. Dawa ilipoacha kuja kwa lori, josho la Mwanhale lilikauka. Mvua ikaingiza matope, mbuzi wakalala humo, na miaka ikapita. Kupe wakaongezeka, ndama wakawa wanakufa kila masika. Mtu pekee aliyelipatia kazi lile shimo ni Mama Limi, kiongozi wa kwaya yetu. Aligundua kwamba ukiimba ukiwa umesimama pale ngazi za kutokea, ukuta wa saruji unarudisha sauti vizuri kuliko jengo la kanisa. Kila Alhamisi asubuhi kwaya ilifanya mazoezi palepale, na ng'ombe wake mmoja mzee, mwenye pembe moja iliyovunjika, alikuwa anakula majani karibu akisikiliza. Alimwita Bibi Harusi. Sijawahi kujua kwa nini, na sura yake haikusaidia kueleza.

Tulipokubaliana kanisani kwamba josho lifufuliwe, kwa ajili ya wote, wanaosali kwetu na wasiosali popote, nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati. Kamati ilikuwa ya wanaume sita. Mama Limi aliuliza kama mwanamke mwenye ng'ombe anaweza kuingia. Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu alinikumbusha kwa miaka mingi, "Mama Limi, hii ni kazi ya ng'ombe, siyo ya nyimbo." Siku ya pili nikaenda kuwafukuza na mazoezi yao. Nilipiga kufuli jipya kwenye geti la josho lililo tupu, nikatia ufunguo mfukoni. Mama Limi aliwapanga waimbaji wake mstari, wakaondoka wakiimba, sauti zote nne, na Bibi Harusi nyuma yao.

Mke wangu alipopata habari aliacha kupepeta mchele. "Baba Kulwa, umewafukuza watu kwenye shimo la mbuzi?"

"Ni mali ya kijiji."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kupepeta. Mke anaposema amesikia, vijana, kaeni chini mfikirie. Mimi sikukaa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa matope. Siku ya kwanza walikuja watu wanne. Mmoja wao alikuwa Bilali, mtu wa Kigoma aliyechoka na maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Geita, akaja kuoa kwetu. Bilali alikuwa hawezi kuona udongo umechimbwa akauacha hivi hivi. Mkono ulimwasha. Akachukua karai, akachota tope la josho, akaanza kulizungusha kwa maji kama walivyokuwa wanafanya machimboni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka kisimani akamwona. Alipofika kwake, alikuwa ameshamwambia kila mtu njiani.

Kesho yake asubuhi walikuja watu arobaini. Wengine walitoka vijiji vya mbali, na majembe, na sururu, na makarai ya kuogea watoto. Jirani yangu mmoja alinivuta pembeni, akaninong'oneza, "Baba Kulwa, ni kweli humo kuna kitu?"

Hapo ndipo nilipotenda dhambi yangu. Sikusema ndiyo. Nilikohoa. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikasema, "Endeleeni kuchimba tu."

Wakachimba! Mzee Lusinge alikuwa anazunguka akipiga kelele kwamba lile tope lina sumu ya zamani, wavae mabuti, wafunge mifuko ya plastiki mikononi, na tope lote lifukiwe shimo refu mbali na kisima. Walimtii kwa heshima kubwa, maana walidhani anaficha mahali penye dhahabu. Kazi niliyoipangia mwezi mmoja iliisha kwa siku mbili. Siku ya tatu walifika kwenye sakafu ya saruji, wakaigongagonga, wakanitazama, wakaenda zao. Nilijisikia mwerevu sana. Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka pale Kahama, ambaye chai yake ya maziwa ilitegemea ng'ombe wa upande wetu, alitupa mifuko ya saruji ya kuziba nyufa. Dawa tukanunua kwa kuchanga kuku. Josho likawa tayari kabla ya mvua.

Siku ya kufungua niliiandaa kama harusi. Mchungaji Nandonde ndiye angebariki. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwembamba, ametoka kwenye mikorosho, na habari za ng'ombe alizijua kwa mbali. Wiki aliyofika kwetu alimtazama dume langu, Jemadari, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, huyu anatoa lita ngapi?" Tulimpenda kuanzia hapo.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Mzee Lusinge alikuja kwangu. "Nkwabi, nani anaingia kwanza kesho?"

"Jemadari."

"Jemadari hajawahi kuona josho. Wa kwanza lazima awe ng'ombe mzoefu. Akiingia yeye, wengine wanamfuata bila maswali. Kijiji hiki kimebaki na mmoja tu aliyeogeshwa zamani, Bibi Harusi."

"Mzee, siwezi kufungua josho na ng'ombe mwenye pembe moja. Watu watatucheka."

Akavaa kofia yake. "Watacheka tu," akasema. "Wewe chagua wacheke nini."

Sikuchagua vizuri. Saa nne asubuhi kijiji kizima kilikuwa pale, akina mama wamepika pilau chini ya turubai, na Jemadari amefungwa vitambaa vyekundu kwenye pembe kwa mikono yangu mwenyewe. Kwaya haikualikwa, lakini ilikuja, ikasimama mbali. Mchungaji akapanda juu ya ukuta wa josho ili watu wote wamwone. Akasali. Akafungua kitabu cha nyimbo. Nikamwingiza Jemadari kwenye kile kinjia chembamba cha nguzo kinachoelekea majini.

Jemadari akafika ukingoni, akainamisha kichwa, akaona ndani ya maji dume jingine lenye vitambaa vyekundu linamkodolea macho. Akapiga breki. Nikasema kwa sauti ya mwenyekiti, "Twende, baba." Hakwenda. Nikamsukuma. Nikasikia mtu anacheka upande wa kwaya. Hapo nikafanya jambo ambalo naomba msilifanye hata siku moja mkiwa na mchungaji karibu: nikamshika mkia, nikaupinda.

Jemadari hakwenda mbele. Alikwenda kando. Alivunja nguzo mbili, bega lake likagonga ukuta, na mtumishi wa Mungu akaondoka pale juu bila kelele, kanzu imefunguka kama mwavuli. Akazama mzima mzima. Kitabu cha nyimbo kikaelea.

"Funga mdomo, Mchungaji!" alipiga kelele Mzee Lusinge. "Funga macho! Usimeze!" Huyo mzee mwenye miguu iliyopinda alikimbia kuliko sisi wote, akachukua ule upondo wenye panda tunaozamishia vichwa vya ng'ombe, akamwelekeza nao mpaka kwenye ngazi za kutokea. Mchungaji akapanda ngazi taratibu, anachuruzika, akasimama kwenye sakafu ya kukaushia, palepale wanaposimama ng'ombe. Tulimmwagia ndoo ishirini za maji na mche mzima wa sabuni. Jemadari naye alikuwa ameshapita katikati ya masufuria ya pilau, ameelekea upande wa lile kanisa jingine, wale wanaobatiza bwawani kwa maji mengi. Sisi hubatiza kwa matone. Ndugu zetu wale walikuja jioni kurudisha dume, na mzee wao akaniambia kwa uso mkavu kabisa, "Tumefurahi kusikia mchungaji wenu amebatizwa sawasawa."

Mchungaji aliumwa kichwa siku mbili, akapona. Wiki tatu nzima hakuna mbu wala nzi aliyemsogelea.

Sasa ningetaka niwaambie tulicheka, ikaisha. Haikuisha. Wale arobaini waliochimba bila kupata kitu walikuwa na maelezo yao. Walisema dhahabu ilikuwepo, mzee wa kanisa kaichukua kwa siri, na josho limekasirika ndiyo maana limemmeza mchungaji. Kikohozi changu kikawa ushahidi. Siku ya kuogesha ilipofika, nilikaa getini kuanzia alfajiri mpaka jua likawa kali. Hakuja hata ndama.

Nami nikakasirika. Nilisema mimi nimejitolea, nimeacha shughuli zangu, halafu watu hawana shukrani. Nikafunga geti, nikasema halifunguliwi mpaka waje kuniomba radhi. Nilitembea na ule ufunguo shingoni kama msalaba. Hata ng'ombe wangu mwenyewe sikuwaogesha, niliwapulizia dawa kwa pampu ya mkono nyumbani, ili nisionekane ninalitumia peke yangu.

Wiki ya pili Mzee Lusinge akaja. Yeye alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike la maziwa lililomlisha yeye na mkewe. Alikaa chini, akanywa maji, akasema, "Kijana, nifungulie josho dakika tano. Yule wangu ana kupe masikioni, na pampu sina."

Nikamwambia, "Mzee, josho halifunguliwi kwa ng'ombe mmoja. Tukianza hivyo utaratibu utakufa."

Pampu yangu ilikuwa imening'inia ukutani, nyuma ya kichwa changu. Aliitazama. Hakuniomba, nami sikumpa. Aliaga kwa heshima, akaondoka.

Siku kumi baadaye nilisikia ng'ombe wa Mzee Lusinge kalala, haamki. Nikaenda mbio. Nikaweka vidole chini ya sikio kama alivyonifundisha. Tezi ilikuwa kubwa kuliko ndimu. Pumzi zake nilizisikia tangu uani. Dawa ya kutibu ilikuwa Kahama, na hata ningepata baiskeli ya haraka nisingewahi. Alikufa mchana ule, povu limejaa puani. Mzee Lusinge alikuwa amekaa karibu na kichwa chake, anamfukuzia nzi.

Nilitaka anitukane. Ningejua la kufanya. Yeye aliniuliza tu, "Utanisaidia kumchimbia? Mgongo wangu siku hizi hauinami."

Nikachimba peke yangu. Ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu, na kila nilipopiga jembe ule ufunguo ulinigonga kifuani. Mkewe Lusinge aliniletea uji. Sikuweza kuunywa.

Jumapili nikamwomba Mchungaji Nandonde nafasi ya kusema. Nikasimama mbele, mimi niliyezoea kuwageukia wengine. Nikasema, "Mambo matatu. Josho halina dhahabu, na halijawahi kuwa nayo. Nilipoulizwa sikusema kweli, nilikohoa." Watu wakaanza kucheka. "La pili, mchungaji hakumezwa na josho. Nilipinda mkia wa dume kwa sababu ya kuona aibu." Wakacheka zaidi, na mchungaji mwenyewe akawa anafuta miwani. "La tatu, Mzee Lusinge aliniomba dakika tano, nikamnyima, na ng'ombe wake amekufa." Hapo hakucheka mtu. Nikabaki nimesimama, sijui nirudi benchi lipi.

Mchungaji akasimama kando yangu. "Mimi nimeshaingia kwenye lile josho," akasema, "na kama mnavyoniona, sina kupe hata mmoja. Kilichobaki ni nyinyi na ng'ombe wenu." Kanisa likaangua kicheko. Lakini kucheka siyo kuleta ng'ombe, na Mzee Lusinge alinikumbusha mlangoni: bila wa kwanza, hakuna wa pili.

Kwa hiyo nikaenda kwa Mama Limi. Nilimkuta anakamua, nikangoja, maana mtu anayekamua hasemeshwi. Maziwa yanarudi juu. Alipomaliza nikamsalimu.

"Mama Limi, nimekuja kumwomba Bibi Harusi."

"Kumposa?"

"Aingie josho kwanza."

"Mimi nilidhani ni kazi ya ng'ombe, siyo ya nyimbo."

"Nilikosea."

"Ulikosea wapi? Kwenye ng'ombe au kwenye nyimbo?"

"Kote, mama."

Akaifunika ndoo ya maziwa, akajifuta mikono. "Bibi Harusi hasukumwi wala hapindwi mkia. Ameshazoea kwenda inakoimba kwaya. Kwaya itasimama kwenye ngazi za kutokea, yeye ataingia upande wa pili na kuogelea kutufuata. Lakini sauti ya nne ina watu wawili tu. Utaimba."

"Mama Limi, mimi sijui kuimba."

"Tunajua. Tumekusikia miaka yote kutoka benchi la mbele." Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Nilielewa. Nikavua ufunguo shingoni, nikampa.

Alhamisi ile, kabla ya jua kuwa kali, watu walikuja wengi kuliko siku ya pilau. Walikuja kunitazama mimi nikiimba. Wengi walileta na ng'ombe, kwa tahadhari. Mzee Lusinge aliamuru wote wanyweshwe maji kwanza, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu ataonja dawa. Wenye mimba kubwa wakatengwa, na ndama wadogo wakatengewa ndoo na matambara. Mama Limi akainua mkono. Tukaanza. Sauti yangu ilitoka kama lango la zizi lenye kutu, na kuta za saruji zikairudisha mara mbili.

Bibi Harusi alisimama ukingoni. Akatazama maji. Akatutazama sisi. Nadhani alinitazama mimi zaidi, kwa masikitiko. Halafu akaruka, pwaa, akazama, akaibuka, Mzee Lusinge akamsukuma kichwa taratibu kwa upondo mpaka masikio yakalowa, akaogelea moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, akapanda, akasimama katikati ya kwaya akichuruzika. Wa pili akaruka kumfuata. Wa tatu. Baada ya hapo hatukuweza kuhesabu, ilikuwa vishindo na maji na kwaya iliyolowa inaendelea kuimba, na Jemadari akapita katikati ya majike kama mtu asiyetaka kutambuliwa. Nilipogeuka nikamwona Mchungaji Nandonde amesimama. Safari hii alikuwa chini, amevaa mabuti.

Masika yale ndama walikufa wachache sana. Mimi nilimpelekea Mzee Lusinge mtamba, mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Alimzunguka, akaweka vidole chini ya masikio, akakagua chini ya mkia. "Ni mzima," akasema. "Nitampokea, na nakushukuru." Kisha, akimpapasa shingo, "Lakini siyo yule." Nikamwambia najua. Tukakaa mpaka mkewe akaleta chai.

Mwisho wa mwaka kamati ikachaguliwa upya. Mama Limi alipata mikono yote ya waliokuwepo. Hata Mama Kulwa aliinua wake, na ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Uenyekiti wangu ulidumu miezi minane.

Ikabaki nafasi moja haijapata mtu. Mzee Lusinge mgongo ulikuwa umekataa kabisa, na josho lilihitaji mkorogaji. Dawa hutuama usiku, vijana. Usipoikoroga kutoka chini, ng'ombe wa kwanza huoga maji matupu na wa mwisho huoga sumu. Inabidi ufike kabla ya wote, na gogo refu, uende na kurudi kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka maji yabadilike rangi na mabega yawake moto. Hakuna anayekuona. Wakishafika, josho liko tayari na wewe umelowa, unanuka, hufai kukaa karibu na mtu. Mama Limi aliuliza mara tatu nani ataifanya. Mara ya tatu nikasimama.

Niliifanya miaka tisa. Katika yote niliyotumwa na kanisa lile, mabenchi na vikao na mifuko ya sadaka, hiyo ndiyo kazi pekee ambayo nina hakika niliifanya vizuri.

Alhamisi yangu ya kwanza nilichelewa. Nilimkuta mwenyekiti ameshafungua geti, amesimama pale na kitenge chake mabegani, ng'ombe wanaanza kusikika kwa mbali.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikamwambia kwa utani, ingawa nilimzidi miaka mitatu.

Hakucheka. "Marahaba," akaitikia. "Watu wako njiani, Baba Kulwa. Koroga."

Nikakoroga.